Jinsi ya kuchunguza mkono wa mtu katika kupauka kwa matumbawe: maelekezo kwa vijana wa Unguja na Pemba

Kila mwaka, joto la bahari linapopanda kati ya Februari na Aprili, simu yangu hujaa picha za matumbawe meupe. Zinatoka Matemwe, Fumba, Mkoani, popote penye kijana mwenye simu na miwani ya kuzamia. Chini ya picha huwa pana swali: "Dada, hii si kazi ya hoteli?" Au: "Haya si maji machafu ya mji?"

Picha peke yake haijibu. Tumbawe jeupe halisemi limefanywa nini, na ukilitumia kumshtaki mtu bila vipimo vingine utashindwa kwenye kikao cha kwanza cha shehia. Nataka ukisimama mbele ya wavuvi, wenye mahoteli na wataalamu, usiangushwe kwa swali moja. Kwa hiyo naandika hapa yale ninayowafundisha wanaoingia majini nami kwa mara ya kwanza.

Mimi nimezaliwa Wesha, Pemba. Baba alikuwa akitega madema upande wa Misali. Sasa kazi yangu ni kuwasaidia wanafunzi na watafiti kupima miamba, zaidi upande wa magharibi wa Unguja. Kazi hii haihitaji mtungi wa hewa. Sehemu kubwa inafanyika kwa miwani na mrija, kwenye maji ya mita mbili mpaka nne, ukiwa na mwenzako na mtu anayekaa kwenye chombo. Usiingie peke yako hata kama umezaliwa pwani.

Joto linatoka mbali, mtu yuko karibu

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya nyama yake unaishi mwani mdogo sana usioonekana kwa macho, nao ndio unaomlisha na kumpa rangi. Maji yakizidi kwa nyuzi moja tu ya Selsiasi kile kiwango cha kawaida cha mwezi wa joto kubwa, na yakakaa hivyo wiki kadhaa, tumbawe huutoa mwani ule. Nyama inabaki angavu, na weupe unaouona ni mifupa inayoonekana kupitia humo. Hapo bado liko hai. Joto likishuka mapema linaweza kurudi, likiendelea, linakufa.

Chanzo cha joto hilo ni kikubwa kuliko visiwa vyetu. Ni gesi zinazotoka dunia nzima kwa kuchoma mafuta na makaa ya mawe, na miaka ya El Niño huongeza juu yake. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, miamba ya magharibi ya Bahari ya Hindi ilipopata pigo kubwa na Misali ikaumia vibaya. Ikaja tena 2016. Aprili 2024 wataalamu wa dunia wakatangaza tukio la nne la kupauka kwa matumbawe duniani kote. Hifadhi haizuii joto: Chumbe, ambako hakuvuliwi tangu miaka ya tisini, matumbawe yalipauka 2016 kama kwingine.

Basi mtu yumo kwa njia mbili, na lazima uzitenge tangu mwanzo. Njia ya kwanza ni ile ya dunia nzima, na hiyo ndiyo inayoleta upaukaji mkubwa. Ya pili ni ya hapa kwetu: maji taka, udongo unaosombwa na mvua, nanga, juya, na kuwamaliza samaki wanaokula mwani juu ya mwamba. Hii ya pili inaweza kulipunguzia tumbawe uvumilivu. Lakini kwa niliyoyaona mimi, mkono wa mtu wa hapa huonekana wazi zaidi baada ya joto kupita. Nenda kwenye miamba miwili iliyopauka sawa mwezi wa Aprili, urudi Oktoba. Mmoja umeshapata rangi, mwingine umefunikwa na mwani kama zulia. Tofauti hiyo ndiyo inayotaka maelezo, na watafiti wengi chipukizi huikosa kwa sababu wameshafunga daftari mwezi wa Mei.

Chagua shughuli moja

"Athari za shughuli za binadamu kwa matumbawe ya Zanzibar" ni kichwa cha habari, na wala hakipimiki. Swali linalopimika lina shughuli moja, aina ya tumbawe, kina, na mahali. Kwa mfano: je, matumbawe ya matawi ya kina cha mita tatu yaliyo karibu na mabomba ya maji taka ya Mji Mkongwe hupauka zaidi, au huchelewa kurudi, kuliko ya mahali pa mbali zaidi na mji, chini ya joto lile lile? Au: je, pale boti zinapotupa nanga Mnemba, matumbawe yaliyopauka hufa mengi kuliko pale penye maboya ya kufungia?

Ukiona swali lako linahitaji neno "shughuli" ili liwe sahihi, bado halijakomaa. Andika jina la shughuli yenyewe.

Weupe wa aina nyingi

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu kosa la hapa huharibu kila kinachofuata.

Sogea karibu na tumbawe jeupe, karibu kiasi cha shibiri moja, ukijizuia usiliguse. Tazama vishimo vidogo. Kama limepauka, utaona nyama ipo, angavu, na mara nyingine vidole vidogo vya vinyama vinachezacheza. Weupe wake unashuka taratibu: juu panapopigwa na jua ni peupe zaidi, ubavuni na chini kuna rangi iliyobaki. Mengine hayawi meupe kabisa, yanakuwa ya buluu au waridi yenye kung'aa. Watalii huyapiga picha kwa furaha, na kumbe yameshikwa na joto.

Kama limekufa siku chache zilizopita, vishimo ni vitupu, vina makali, hakuna nyama. Baada ya hapo unaanza kuona ukungu wa kijani au kahawia, huo ni mwani unaoota juu ya mifupa. Ukishaona ukungu, andika "limekufa"; usiandike "limepauka".

Weupe wenye mpaka mkali ni habari nyingine. Kile kiti cha pweza kikubwa chenye miiba mirefu hula nyama ya tumbawe na kuacha kiraka cheupe safi kabisa. Tafuta chini ya tumbawe, mara nyingi mlaji yuko palepale amejificha. Konokono wadogo wanaokaa kwa makundi kwenye shina hufanya hivyo pia. Ugonjwa huacha mstari kati ya sehemu hai na iliyokufa. Meno ya pono huacha mikwaruzo mifupi. Nanga au mguu wa mtu huacha tawi lililovunjika, na ndani ya mvunjiko ni peupe.

Tena kuna weupe wa kawaida. Ncha za matumbawe ya matawi yanayokua ni nyeupe siku zote. Nimeona ripoti nzima iliyoandikwa juu ya ncha.

Mwisho, mwamba unaofunuka maji ya bamvua yanapokupwa sana mchana unaweza kupauka kwa jua tu, na mahali penye mlango wa maji ya mvua unaweza kupauka kwa maji ya masika yasiyo na chumvi. Ndiyo maana nasema mita mbili mpaka nne, na mbali na mikondo ya mvua, isipokuwa kama mvua ndiyo swali lako.

Mahali pa kulinganisha

Unahitaji angalau mahali pawili: penye shughuli na pasipo, vingine vyote vikaribiane. Kina kiwe kimoja. Upepo na mawimbi yafanane. Aina za matumbawe zifanane. Maji yatoke upande mmoja.

Hili la maji ndilo linalowaponza wengi. Mtu analinganisha Changuu na Misali, halafu anasema Misali ni salama kwa sababu watu ni wachache. Lakini mkondo wa Pemba ni wa kina kirefu sana, na maji yanayoizunguka Misali si yale yanayokaa kwenye ghuba ya Mji wa Unguja. Ukitaka Misali, linganisha Misali na Misali: sehemu isiyoruhusiwa kuvuliwa na sehemu inayovuliwa, pande zenye mawimbi yanayofanana. Ukitaka maji taka ya mji, anza Chapwani na Changuu, kisha Bawe, kisha ushuke kusini mpaka Chumbe, kiasi cha kilomita 12 kutoka mjini. Huo ni mstari unaokwenda kutoka penye uchafu mwingi hadi kidogo, nao una nguvu kuliko jozi moja, kwa sababu kama uchafu una athari basi athari ipungue hatua kwa hatua.

Kwenye Chumbe kuna tatizo ambalo lazima uliandike wazi: hakuna maji taka na pia hakuna uvuvi. Mwamba ukirudi vizuri pale, utasema ni kwa sababu ya maji safi au kwa sababu ya samaki? Mahali pamoja pasipo uvuvi hapatoshi kukujibu. Tafuta pa tatu, penye maji safi lakini panapovuliwa. Hapo ndipo utaweza kuanza kuvitenganisha vitu viwili.

Kabla hujatia mguu majini

Sehemu kubwa ya miamba yetu imo ndani ya maeneo ya hifadhi: Menai tangu 1997, Misali 1998, Mnemba 2002, mkondo wa Pemba 2005, na mengine. Kwa hiyo unahitaji kibali cha utafiti, na ruhusa ya wanaosimamia eneo lenyewe. Anzia Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi, uulize hatua za sasa, maana taratibu hubadilika. Kukusanya kipande cha tumbawe hai ni ruhusa nyingine kabisa; utafiti ninaoueleza hapa hauhitaji kuvunja hata kipande kimoja.

Kisha kwa sheha, kisha kwa kamati ya uvuvi ya shehia, kisha dikoni. Usifuate njia ya mkato ukaanza na mwenye boti. Nenda asubuhi wavuvi wanapotua au jioni baada ya Alasiri, kaa chini, eleza unatafuta nini na nani anakulipia. Wataalamu wengi wamepita, wakauliza, wakaondoka, na majibu hayakurudi. Wavuvi wanalikumbuka hilo na wana haki.

Wazee ndio wenye historia ya "kabla", kwa sababu mwamba mwingi haukuwahi kupimwa. Usiwaulize mwaka. Waulize tukio. "Ami, mwaka ule wa mvua za El Niño, mwamba wa Misali ulikuwaje?" Hapo unazungumzia 1997 kuingia 1998. Kwa upaukaji wa 2016, uliza kuhusu uchaguzi wa marudio: ulikuwa tarehe 20 Machi 2016, joto likiwa juu, na hakuna mtu mzima wa Pemba asiyekumbuka alikuwa wapi. Kwa 2024 uliza Ramadhani ya Machi na kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei. Hidaya muhimu pia kwa sababu nyingine: matawi yaliyovunjika baada yake si lazima yawe ya nanga.

Mvuvi akikuonyesha mahali anapotega, hiyo ni amana. Kwenye ramani yako ya kuchapishwa weka eneo pana, alama ya jipiesi ibaki kwako.

Majira

Pima mara nne kwa mwaka, usipunguze. Kwanza Desemba au Januari, kabla ya joto. Pili mwisho wa Machi mpaka Aprili, joto likiwa juu. Tatu Juni au Julai, kusi likiwa limepoza maji, uone nani amekufa. Nne Oktoba au Novemba, uone nani amerudi.

Siku, chagua kwa mwezi. Maji mafu ni bora kwa kupima: mkondo hauna nguvu, maji hayachafuki sana. Bamvua acha kwa sampuli za maji taka, kama nitakavyoeleza. Kipindi cha malelezi, kati ya kaskazi na kusi, bahari ni tulivu na ndicho kinachokutana na kilele cha joto. Mwenyezi Mungu ameturahisishia hapo.

Kupima joto

Vyanzo viwili, na utumie vyote. Cha kwanza ni setilaiti. Shirika la bahari na anga la Marekani, NOAA, hutoa bure kila siku joto la juu ya bahari na hesabu ya joto lililokusanyika. Hesabu yake ni nyepesi. Chukulia wastani wa mwezi wa joto kubwa mahali pako ni nyuzi 29. Maji yakikaa nyuzi 30.2 kwa wiki tatu, ziada ni 1.2 mara tatu, yaani wiki-nyuzi 3.6. Ziada isiyofika nyuzi moja haihesabiwi, na hesabu huangalia wiki 12 zilizopita. Zikifika wiki-nyuzi 4, tegemea kupauka kwa wazi. Zikifika 8, tegemea vifo vingi.

Setilaiti huona eneo la kilomita tano kwa tano na huona uso wa maji. Haikuambii maji ya mita tatu ndani ya ghuba yako. Kwa hiyo weka kifaa kidogo cha kurekodi joto kila mahali unapopima, kikirekodi kila nusu saa. Kifunge kwa kamba ya plastiki ya kukazia kwenye jiwe lililokufa, upande wa kivuli, kwa sababu jua likikipiga moja kwa moja kitasoma joto lake chenyewe. Kina kiwe kile kile mahali pote.

Kabla ya kuvitawanya, viweke vyote ndani ya ndoo moja ya maji ya bahari na barafu kwa muda wa saa nzima, ukikoroga. Vyote visome sawa. Kinachotofautiana, andika tofauti yake na uiondoe baadaye kwenye hesabu. Bila ndoo hiyo, nusu nyuzi utakayoiona kati ya Changuu na Bawe inaweza kuwa tofauti ya vifaa viwili, na nusu nyuzi kwa tumbawe ni kubwa.

Kupima tumbawe

Tandaza tepu ya mita 20 juu ya mwamba, ukifuata kina kimoja. Kila nusu mita, tazama kilicho chini ya alama kabisa: tumbawe la matawi, tumbawe la jabali, limepauka, limekufa karibuni, mwani, mchanga, vipande vilivyovunjika. Hizo ni alama 40 kwa tepu moja. Weka tepu nne kila mahali, zisipandane. Andika kwa penseli kwenye kibao cha plastiki kilichokwaruzwa kwa msasa; wino na karatasi vibaki nyumbani.

Kwa rangi, tumia kadi ya afya ya matumbawe ya CoralWatch kutoka Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Ina safu nne za rangi, kila safu ina herufi yake na namba 1 mpaka 6, 1 ikiwa nyeupe na 6 nzito. Ishike kadi kandokando ya tumbawe, chini ya maji, mwanga ule ule unaolipiga. Tafuta sehemu iliyo nyepesi kuliko zote, ukiacha ncha zinazokua, andika herufi na namba. Tafuta iliyo nzito kuliko zote, andika. Andika aina: matawi, jabali, sahani, au laini. Endelea na tumbawe jingine, angalau 20 kila mara. Uyachague kwa tepu, si kwa jicho, kwa sababu jicho linapenda jeupe. Namba ikishuka mbili kati ya Januari na Aprili, tumbawe hilo limepoteza mwani wake kwa kiasi cha kutia wasiwasi.

Bora zaidi ni kurudi kwenye matumbawe yale yale. Funga kibati chenye namba kwenye mwamba uliokufa pembeni, piga picha kutoka upande mmoja, na fremu ya mraba ya nusu mita ionekane. Picha za tumbawe moja la Januari, Aprili, Julai na Oktoba zina uzito kuliko picha mia za mchanganyiko.

Usisimame juu ya mwamba. Ukichoka, rudi kwenye chombo.

Kupima watu

Wengi hupima tumbawe kwa makini, halafu kwa upande wa mtu wanaandika "penye shughuli nyingi". Nyingi kiasi gani? Idadi ya watu Zanzibar ilitoka 1,303,569 kwenye sensa ya 2012 ikafika 1,889,773 kwenye sensa ya 2022, na watalii walipita 600,000 mwaka 2023. Takwimu hizo zinaeleza kwa nini suala linatuuma, ila hazikuambii chochote kuhusu mwamba mmoja. Lazima uhesabu palepale.

Kwa maji taka, chukua sampuli kwenye bamvua, maji yakikupwa na yakijaa, siku kavu na siku iliyofuata mvua. Maji yakikupwa, kinachotoka kwenye bomba husambaa kikiwa kizito, yakijaa huchanganyika. Osha chupa mara tatu kwa maji yale yale, zamisha mkono mpaka kiwiko, mbele ya boti upande mkondo unakotoka, mbali na injini. Chupa ziingie kwenye barafu mara moja. Za kupima vimelea vya kinyesi zifike maabara ndani ya muda wa saa 6. Za naitreti na fosfeti zichujwe na kugandishwa siku hiyo hiyo. Vile vipimo vya matone vya watu wanaofuga samaki wa mapambo havifai; bahari yetu ina kiasi kidogo mno kwa vipimo hivyo, utasoma sifuri kila mahali. Zungumza mapema na Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo hapa Unguja tangu 1978, uone kama maabara inaweza kukupokea.

Tazama pia ule mwani mgumu wa rangi ya waridi unaopaka mawe. Ndio unaoshikamanisha mwamba, na watoto wa matumbawe hupenda kukaa juu yake. Utafiti uliofanyika Unguja na kuchapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa fosfeti nyingi huupunguza. Kwa hiyo uuweke kwenye orodha ya tepu kama kitu chake chenyewe. Pale unapokosekana, mwamba uliokufa kwa joto hauna pa kuanzia tena.

Kwa uwazi wa maji, tengeneza sahani ya Secchi: duara la sentimita 30, jeupe, uzito chini, kamba yenye alama kila nusu mita. Ishushe upande wa kivuli cha boti karibu na saa sita mchana, andika inapopotea na inapoonekana tena, chukua wastani.

Kwa nanga, kaa Muyuni au juu ya boti Mnemba tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Hesabu kila chombo: kimefunga boya au kimetupa nanga, nanga imeangukia mchanga au tumbawe, watu wangapi wameingia majini, wangapi wamesimama juu ya mwamba. Hesabu siku za kawaida na za msimu. Kisha chini, hesabu mivunjiko mipya kwa kila tepu.

Kwa uvuvi, dikoni. Andika chombo, watu, zana: mshipi, madema, nyavu, bunduki. Juya, yaani wavu wa kukokota, na kigumi, yaani kupiga matumbawe kwa miti ili samaki watoke, vinalima mwamba, na vikiwapo utaambiwa kama umeheshimu watu, hutaambiwa kama umefika na daftari kubwa. Pima urefu wa pono, kangaja na tasi wanaotua. Hao ndio wanaokula mwani juu ya mwamba. Wakiwa wadogo na wachache, mwani utashinda baada ya joto. Kisha uwahesabu walio hai kwenye mwamba, ukiogelea polepole juu ya tepu ile ile, mita mbili na nusu kila upande, kabla hujaanza kazi nyingine, maana wakishakuona wanakimbia.

Kusoma ulichokipata

Sasa jiandae kwa jambo litakalokushangaza. Inawezekana kabisa mwamba ulio karibu na mji ukapauka kidogo kuliko ule wa mbali. Usidhani kazi imeharibika, na usikimbilie kusema maji taka hayana madhara. Uliza mambo mawili.

La kwanza: maji machafu hupunguza mwanga, na mwanga mkali ndio mwenzake joto katika kupausha. Kivuli cha matope kinaweza kuficha tumbawe kwa muda. Linganisha na namba zako za Secchi.

La pili ni zito zaidi. Mahali palipoumizwa miaka mingi, matumbawe dhaifu ya matawi yalishakufa zamani. Yaliyobaki ni majabali magumu yanayovumilia joto. Asilimia ya waliopauka itakuwa ndogo kwa sababu waathirika hawapo tena wa kuhesabiwa. Dawa yake ni kulinganisha jinsi kwa jinsi: jabali na jabali, tawi na tawi, na kuonyesha kwanza kila mahali pana aina gani. Wazee uliowahoji watakusaidia kusema zamani palikuwa na nini.

Jambo la hesabu. Tepu nne za Changuu ni mwamba mmoja uliopimwa mara nne; hazikupi miamba minne. Ukilinganisha Changuu na Chumbe peke yake, una mahali pawili tu hata kama umeandika matumbawe mia mbili. Ongeza mahali kabla hujaongeza tepu.

Chora mchoro mmoja kwa kila mahali: joto lililokusanyika upande wa chini, namba ya rangi upande wa kando. Kama mistari ya penye uchafu na pasipo uchafu inashuka sawasawa, joto ndilo linaloongoza. Kama mmoja unaanza kushuka mapema, kwenye wiki-nyuzi chache zaidi, hapo una ushahidi kuwa kuna kitu kimepunguza uvumilivu. Mchoro wa pili ni wa Oktoba: kati ya yaliyopauka, asilimia ngapi hai, asilimia ngapi zimefunikwa na mwani, na samaki wala mwani wangapi. Huo wa pili ndio ninaoufungua kwanza mwanafunzi akiniletea kazi yake.

Kwenye kuandika, tumia "imehusiana na" pale ulipolinganisha tu, usiandike "imesababisha". Na usiifiche sehemu ya dunia. Ukiandika kana kwamba mvuvi wa madema ndiye aliyeipasha moto Bahari ya Hindi, umemdhulumu, na yeye ndiye atakayekosa samaki.

Kuhusu mafuta ya kujikinga jua ambayo kila mgeni huniuliza: maabara zimeonyesha baadhi ya kemikali zake zinadhuru matumbawe machanga, lakini usianze na hilo wakati bomba la maji taka liko mbele yako.

Kurudisha

Rudi dikoni kabla hujapeleka ripoti chuoni. Karatasi moja, Kiswahili, michoro miwili, ramani bila sehemu za siri. Soma kwa sauti, kisha nyamaza usikilize. Mara nyingi mtu mmoja atakueleza kitu kinachobadilisha maelezo yako, kwa mfano kwamba mwezi wa Mei kambi ya wageni ilivua pale kwa wiki mbili nawe ulikuwa mjini. Kiandike, na useme kimetoka kwao.

Nakala nyingine ziende kwa wasimamizi wa hifadhi, Wizarani, Taasisi ya Sayansi za Bahari, na CORDIO Mombasa, ambao hukusanya taarifa za upaukaji wa ukanda wetu. Jedwali lenyewe la namba liambatane na ripoti, lisibaki kwenye simu yako. Kwa kila tepu andika alama ya jipiesi ya mwanzo, upande iliyoelekea kwa dira, kina na saa ya maji kupwa au kujaa ulipokipima, rangi ya kibati na namba yake, na jina la aliyesoma kadi, kwa sababu macho ya watu wawili husoma tofauti kidogo. Anayefuata aweze kuweka tepu palepale bila kukupigia simu.